Bendera ya Tarehe Kumi na Mbili

Kwa miaka ishirini na sita kijiji kizima cha Tomarisaki kiliamka kwa kuangalia mlingoti mmoja. Bendera nyeupe ikiwa juu, mashua zinatoka kuvuna kombu. Isipokuwepo, watu wanarudi kulala, na wenye midomo wanamsema Mzee Iwao Odajima kwa woga wake, kisha saa tano mvua inashuka na midomo inafungwa. Mshika bendera alikuwa yeye. Kazi hiyo haina mshahara wala cheo, ina lawama tu. Kombu ni mwani wenye madaha: ukishautoa baharini alfajiri lazima ukaukie juu ya kokoto siku hiyohiyo, kwa jua na upepo. Ukipatwa na ukungu ungali nusu mbichi unatoka madoadoa meupe, daraja lake la ubora linaporomoka, na jasho la nyumba nzima linaishia kwenye supu za mikahawa ya stesheni. Ndiyo maana hapa kisiwani Rishiri mtu wa kusema leo patakauka au hapatakauka anaheshimiwa kuliko diwani.

Binti yake Chigusa naye alikuwa na mlingoti wake. Ulisimama juu ya paa la shule ya msingi, ile iliyofungwa kwa kukosa watoto, hatua mia moja kutoka ule wa baba yake. Haukuwa na bendera. Ulikuwa na mrija mweupe uliovuta hewa ya baharini usiku na mchana, ukaishusha hadi kilichokuwa chumba cha walimu, ndani ya mashine yenye ukubwa wa kabati la nguo. Chigusa alikuwa na miaka thelathini na sita, shahada ya uzamivu, na mkataba wa nne. Maisha yake yalikuwa hiyo mikataba: miaka miwili Sapporo, mmoja Ujerumani, miwili Tsukuba, halafu Sapporo tena. Kila mmoja unaisha mwezi wa tatu, na kila ukiisha anatafuta maboksi ya kufungia vyombo. Mume hakuwahi kupata, na si kwa kukosa sura. Nani atamwoa mtu asiyejua mwakani atalala mji gani?

Kazi yake ilikuwa kupima gesi zisizotulia, zile zinazozaliwa juu ya bahari na kutoweka kabla hujazishika. Jirani yao, Shangazi Fumie, mjane wa miaka sabini na tisa, hakuchoka kumwuliza habari hiyo, kwa sababu kila jibu lilimchekesha.

"Hebu nieleze tena, Daktari. Serikali inakulipa unuse upepo?"

"Mimi sinusi, Shangazi. Mashine ndiyo inanusa."

"Na wewe unafanya nini?"

"Naibembeleza isiharibike."

"Ehee! Basi huyo ni mume."

Chigusa alikuwa akicheka pamoja naye, halafu anamweleza kwa mara ya kumi. Kombu ukitolewa majini ukalazwa juani unahangaika, na katika kuhangaika kwake unatoa gesi ya madini joto, hayohayo yanayotiwa kwenye chumvi. Gesi hiyo haikai hata saa moja. Inaivamia ozoni iliyo hewani na kuila, na kinachobaki ni vumbi dogo kabisa ambalo huenda ndilo mwanzo wa mawingu. Hakuna aliyewahi kulipima jambo hilo juu ya viwanja vya kuanikia kombu, mahali ambapo mwani tani kwa tani unalazwa nje asubuhi moja.

"Yaani unapima pumzi ya mwisho ya kombu," alisema Fumie.

"Kama hivyo."

"Sawa. Ila siku yangu ikifika, huo mrija wako weka mbali na pua yangu."

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Mwezi wa saba wote ukungu ulikaa juu ya kijiji, na bendera ilipanda mara mbili tu. Mara ya kwanza pampu ya Chigusa ilikufa saa moja kabla kombu haujafika nchi kavu. Alilia chooni, akanawa uso, akaagiza nyingine kwa feri. Mara ya pili upepo ulitoka mlimani siku nzima, ukaipeleka gesi yote baharini, na mrija ukavuta harufu ya misonobari. Kwa hiyo hakuwa na kitu. Na mashine haikuwa yake. Ilikuwa ya vyuo vitatu kwa zamu, na baada ya siku za kuzikaribisha roho za wafu nyumbani, katikati ya mwezi wa nane, gari lingekuja kuichukua kwenda Okinawa. Siku za wafu zenyewe hakuna mtu anayegusa bahari. Hesabu ikawa rahisi: tarehe kumi na mbili Agosti ndiyo siku ya mwisho.

Jioni ya tarehe kumi na moja mkubwa wake alimpigia simu kutoka Sapporo. Profesa Nagumo hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kamati. Alisema bila mchoro wa vipimo vya siku moja kamili, kuanzia kombu kulazwa hadi kukauka, hakuna makala, na bila makala hana la kuiambia kamati mwezi wa tatu. Nyumba ya Odajima ina kuta za karatasi. Mzee Iwao alikuwa upande wa pili akichambua dagaa, na hakuhitaji kutega sikio.

Chigusa alipokuja kukaa mezani, baba yake alimsogezea bakuli la wali.

"Kamati ndiyo watu gani?" aliuliza.

"Watu wa kuamua, Baba."

"Wanaijua bahari?"

"Hawajui."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa, basi. Nina miaka thelathini na sita. Wako vijana wa ishirini na nane wanasubiri mlangoni." Alizungusha bakuli lake mezani. "Kuna duka la dawa Wakkanai, ng'ambo tu hapo kwa feri, linatafuta mtu wa kaunta. Nitakuwa karibu nawe."

Mzee alikula wali wake, akainuka, akaenda kulala mapema kama ilivyo desturi ya mshika bendera.

Saa tisa na nusu alfajiri alikuwa ameshatoka. Chigusa alimkuta chini ya mlingoti, koti lake la mvua begani, bendera imekunjwa kwapani, kauelekeza uso juu mlimani. Miaka yote hiyo alifanya vilevile: anautazama mlima, anashika umande wa kwenye majani, anapeleka pua kulia na kushoto, kisha anaandika mstari mmoja kwenye kijitabu, halafu ndipo anaamua. Wanaume watano walikuwa wamesimama kando ya mashua zao wakivuta sigara na kumsubiri. Mmoja wao alikuwa Kuniaki, aliyesoma na Chigusa darasa moja.

Na hapo Iwao alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apewe bendera. Alimgeukia binti yake.

"Mashine yako inasemaje?"

Chigusa alikuwa ameshaona. Kabla ya kutoka alikuwa amefungua ramani za utabiri kwenye kompyuta, tatu, kutoka sehemu tatu tofauti. Moja ilionyesha anga jeupe. Mbili zilionyesha doa la kijivu likija kutoka mashariki na kukifunika kijiji saa nne. Mtu wa kazi yake anajua maana ya mbili kwa moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua.

"Patakuwa peupe," alisema. "Mpaka saa nane mchana."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Baba."

Mzee alimtazama kidogo. Kisha akaandika kwenye kijitabu, akakirudisha mfukoni, akafunga kamba, akavuta. Kuniaki akatupa sigara yake. "Haya jamani, Mzee Bendera kakubali!" Injini zikawaka.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri hata ukitaka kuilaani huwezi. Kufikia saa kumi na mbili mashua zilikuwa zimerudi zimelala kwa uzito, na kijiji chote kilikuwa viwanjani kikiutandaza kombu juu ya kokoto, utepe baada ya utepe, mweusi, unaong'aa. Fumie hakuwa na mashua. Shemeji yake alimvunia sehemu yake, naye aliilaza mwenyewe akiwa amepiga magoti, akinyoosha kila utepe kwa viganja viwili. Mwaka huo alikuwa na sababu. Mwezi wa kumi alikuwa na kumbukumbu ya mwaka wa kumi na tatu wa kifo cha mumewe, na kila mgeni angerudi nyumbani na fungu la kombu la daraja la kwanza, lililoanikwa kwa mkono wake. Alishatangaza kwamba baada ya hapo anastaafu, magoti yamegoma.

Saa moja na nusu mchoro ulianza kupanda. Chigusa alikaa mbele ya skrini, mikono mapajani. Madini joto yalipanda, ozoni ikashuka. Hakuwa amewahi kuona kitu safi namna ile. Saa tatu alijikuta anaongea peke yake: "Panda, mama, panda." Saa nne kasoro dakika kumi mwanga dirishani ulififia.

Huku kwetu ukungu ukiingia kuna kelele moja tu: "Mikonoo!" Ukiisikia unaacha ulichoshika. Mhudumu wa posta anaacha baiskeli, mtawa anaacha kengele, mgeni aliyekuja kupanda mlima anapewa glavu. Wote wanakimbilia viwanjani kuukusanya kombu kabla haujalowa tena. Chigusa aliisikia. Alikuwa ameisikia tangu akiwa mgongoni kwa mama yake.

Hakuinuka. Kwa sababu ukungu ulipougusa kombu, mwani ule nusu hai ulishtuka upya na mchoro ukaruka juu maradufu, jambo ambalo hakuna kitabu kilichowahi kuliandika. Pampu ilikuwa inasuasua na mtu akiiacha ingezima. Alijiambia dakika tano. Zikawa ishirini. Alipoinua macho mara moja, alimwona Fumie nje ya dirisha, kakumbatia kombu mbichi kifuani, nywele zimelowa, anamtazama. Halafu ukungu ukamfunika.

Alipotoka hatimaye, kazi ilikuwa imekwisha. Wenye mabanda ya kukaushia kwa moto waliokoa nusu. Wazee wasio na mabanda hawakuokoa kitu. Fumie alikuwa amekaa kwenye kokoto anachambua nyuzi za mwani kwenye aproni yake, na hakusema neno. Mwanamke yule asiyekosa neno! Chigusa alitamani atukanwe.

Mchana huohuo Mzee Iwao alivaa shati lake jeupe, akapita nyumba kwa nyumba. Nyumba kumi na tisa. Kila mlango alipiga magoti, akaweka viganja chini, akainamisha kichwa mpaka sakafuni. Na kila mlango walimwambia, "Inua kichwa, Mzee, tafadhali inua. Ni hali ya hewa tu." Watu walikuwa wema kwake, na wema huo ndio ulioiua heshima yake. Walianza kusema umri umemfika. Walisema pua yake imechoka. Kuniaki mwenyewe, kwa upole, alimwambia apumzike sasa, na baada ya siku za wafu bendera ilihamia kwake. Mzee aliikabidhi kwa mikono miwili. Kijitabu aliomba abaki nacho mpaka afe, na hakuna aliyemnyima.

Chigusa hakusema. Siku ile alijiambia atasema kesho. Kesho yake wafu walikuwa nyumbani, mama yake akiwemo, na hilo halikuwa jambo la kulisema mbele yao. Siku za wafu zilipokwisha gari lilikuja, akapanda feri pamoja na mashine. Kutoka kwenye ukuta wa bandari baba yake alimpungia mkono, mkono wa mtu asiye na kazi ya kufanya asubuhi.

Makala ilikubaliwa mwezi wa kumi na moja. Kamati ilifurahi, ikampa miaka miwili mingine. Mchoro wa tarehe kumi na mbili ulizungushwa kwenye mikutano, na watu wasiomjua walimwandikia kumpongeza kwa bahati ya ule ukungu. Bahati! Usiku wa siku aliyopewa mkataba alimpigia baba yake simu.

"Baba, kuhusu ile siku..."

"Umekula?"

"Nimekula. Baba, ile alfajiri nilipokwambia..."

"Huko Sapporo theluji imeanza? Vaa vizuri. Shangazi yako Fumie alifanya kumbukumbu yake vizuri tu, watu walijaa. Kombu alinunua kijiji cha pili." Akashusha sauti. "Hiyo kazi yako, wamekupa?"

"Wamenipa."

"Basi," alisema mzee, na Chigusa alisikia kabisa kwamba anatabasamu. "Basi, vizuri. Lala."

Mwezi wa pili, akiondoa theluji mbele ya mlango, Iwao Odajima alianguka, na aliyemwona wa kwanza alikuwa Fumie. Feri zilikuwa zimesimama kwa dhoruba. Chigusa alisubiri Wakkanai siku mbili akikitazama kisiwa ambacho hakikuonekana. Alifika baba yake ameshalazwa mbele ya madhabahu ya nyumbani, kafunikwa kitambaa cheupe usoni.

Kabla ya siku ya arobaini na tisa, ndiyo siku ya kumaliza matanga, Kuniaki alimwambia kwa adabu kwamba siku hiyo, baada ya chakula, angekichukua kijitabu. Ndiyo desturi: kinapita kutoka mshika bendera hadi mwingine, naye anakisoma chote majira ya baridi ili ajifunze. Chigusa alikitafuta, akakipata kwenye koti la mvua. Alikaa nacho karibu na jiko la mafuta ya taa akafungua mwezi wa nane. Mwandiko wa baba yake ulikuwa mkubwa, wa penseli.

"12 Agosti. Mlima umevaa kofia ya wingu. Umande hakuna. Upepo mashariki. Ukungu kabla ya saa nne. Bendera juu."

Alisoma mara nyingi. Hakuna pua iliyochoka. Mzee alijua yote, pengine kuliko zile ramani tatu. Alimwuliza binti yake, akausikia uongo, akauelewa ulivyo, akavuta kamba. Kisha akapiga magoti kwenye milango kumi na tisa na kuacha wamwite kizee. Chigusa alilia kwa sauti, peke yake, akiita "Baba" kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Alipotulia alianza kufikiri, na fikira ya kwanza ilikuwa mbaya. Kuniaki akiusoma mstari ule, mzee si aliyekosea tena, ni aliyekiuza kijiji kwa ajili ya mwanawe. Ukurasa mmoja tu. Ungechomoka bila kelele. Aliushika kwa vidole viwili, akauachia, akaushika tena. Katika kazi yake kipimo hakifutwi hata kikikuumbua. Unachoruhusiwa ni kuweka alama pembeni na kuandika sababu. Baba yake, ambaye hakuwahi kusikia kanuni hiyo, angeweza kuandika chochote asubuhi ile na nani angejua? Aliandika ukweli. Chigusa akachukua penseli.

Siku ya arobaini na tisa watu walikula, wakanywa kidogo, wakamsifu marehemu. Mtawa alipoondoka, Kuniaki alikaa vizuri kwenye mkeka na kunyoosha mikono miwili. Chigusa akampa, kimefunguliwa mwezi wa nane.

Kuniaki alisoma. Uso ukambadilika. Akasoma tena, chini kabisa, akafunga.

"Kimeandikwa nini?" aliuliza Fumie kutoka upande wa pili. "Kuniaki, nakuuliza."

Kuniaki hakuinua macho. Ikabidi Chigusa aseme mwenyewe, na sauti ilimtoka ndogo.

"Baba ameandika kwamba alijua ukungu unakuja. Na chini yake mimi nimeandika: 'Aliniuliza. Nilikuwa nimeuona. Nikamwambia peupe mpaka saa nane, kwa sababu niliitaka siku hiyo. Chigusa.'"

Jiko lilinguruma.

"Nilikuona dirishani," alisema Fumie. "Nikasema moyoni, mtoto hajasikia, mashine inapiga kelele. Nikakutetea kwa watu." Alikuwa anakunjakunja ukingo wa aproni yake. "Baba yako alikuja kwangu mara saba. Mpaka mwezi wa kwanza alikuja, kwenye theluji, na magoti yale. Namwambia yameisha, Iwao, anapiga magoti tena. Mara saba. Nikadhani amechanganyikiwa."

"Shangazi..."

"Na wewe ulikuwa unajua."

Chigusa akaweka viganja chini, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alisubiri. Alisikia Kuniaki akihema, akasikia Fumie akitafuta fimbo yake, akiinuka taratibu kwa magoti yake mabovu, akisogea kuelekea mlangoni, akivaa viatu. Hakuna mtu aliyemwambia inua kichwa.